Aliyekuja Kuuliza

Daktari alisema marehemu hakufia kitandani, kisha akafungua bomba akanawa mikono.

"Damu imejaa hewa ya mkaa," alisema akiwa amewapa mgongo polisi wawili. "Tazama kucha. Tazama midomo kwa ndani. Wekundu ule si wa mzee aliyelala na mafua akazimika. Huyu amevuta sumu ya jiko mpaka basi."

"Chumbani kwake hakuna jiko," Inspekta alisema.

"Basi hakufia chumbani kwake. Na kuna jingine. Alikufa kifudifudi, na akakaa hivyo kwa muda. Damu imetuama kifuani na usoni. Nyie mlimkuta vipi?"

"Chali. Amefunikwa shuka mpaka kidevuni."

Daktari akafunga bomba. "Kamuulize aliyemfunika."

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, asiyejua kupaza sauti. Kituoni walimwita Bi Pole, na wengi walidhani ni kwa sababu ya ustaarabu. Waliowahi kuhojiwa naye walijua vingine. Aliuliza swali moja, akanyamaza, akaacha kimya kifanye kazi.

Koplo wake alikuwa kinyume chake. Alipofika kwenye gari tayari alikuwa na muuaji.

"Mdogo mtu," alisema. "Yule wanayemwita Baba Mdogo. Nani mwingine mwenye nguvu za kubeba maiti? Kikulacho ki nguoni mwako, afande, na pale kwa dobi nguo ndizo zimejaa."

"Amuue kaka yake kwa nini?"

"Hilo ndilo fumbo lenyewe. Bila muuaji hakuna fumbo, kuna msiba tu."

Inspekta alifunga mkanda. "Fumbo halihitaji muuaji. Linahitaji anayejua na asiyejua, wanaokula sinia moja. Endesha."

Maiti ilikuwa ya Mzee Dobi, aliyefua na kupiga pasi nguo za mtaa mzima kwenye jengo la kona nyuma ya soko. Familia ilitaka kumzika haraka. Aliyezuia maziko alikuwa mtoto wake wa mwisho, binti mtu mzima waliyezoea kumwita Kitinda, aliyekuja kituoni peke yake akiwa amevaa kanga ya msiba, akasimama mbele ya kaunta na kusema, "Baba yangu hakufia pale alipolazwa. Nataka mjue alifia wapi." Hakulia. Alisema kama mtu anayeagiza kitu dukani.

Kwa dobi walimkuta mjane uani, amekaa kwenye kiti cha chini, anakunja mashuka. Waombolezaji walikuwa wametawanyika baada ya maziko kuahirishwa. Yalibaki maturubai na viti vilivyopandana. Mjane hakuinuka.

"Pole na msiba, mama."

"Tumeshapoa."

"Daktari amemaliza," Inspekta alisema, akavuta kiti.

Mjane akalinganisha pembe mbili za shuka, akapitisha kiganja juu ya mkunjo. Akachukua jingine. Inspekta alingoja. Koplo alikohoa, akabadilisha mguu wa kusimamia. Mjane alikunja shuka la pili, la tatu.

"Hutaki kujua daktari amesema nini?"

"Atasema nini? Mume wangu amekufa. Hilo nalijua bila daktari."

"Wengi huuliza."

"Mimi nimechoka, mwanangu." Alisema hivyo japo hawakupishana umri sana. Macho yake yalikuwa makavu, mekundu pembeni, yametulia kwenye kitambaa. Inspekta alishawaona wafiwa wa namna hiyo: wanajibu, wanatembea, wanakunywa maji wakipewa, lakini hawapo. Ganzi ya msiba na ukimya wa mtu anayeficha havitofautiani kwa kutazama. Tofauti huonekana ukigusa.

"Siku ile ulikuwa wapi, mama?"

"Nilipeleka mashuka nyumba ya wageni, kule barabara ya juu. Mvua ikanizuia. Niliporudi nikamkuta kitandani. Nikamwita, kimya. Basi."

"Nani alikuwa hapa?"

"Shemeji yangu, mbele, anapiga pasi. Na mtoto."

Baba Mdogo alikuwa mbele kweli, nyuma ya meza ndefu ya pasi, redio ikiimba juu ya rafu ingawa nyumba ilikuwa ya msiba. Alikuwa mtu mnene, mwenye kupumua kwa kelele. Kiganja cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Umeungua?" Inspekta aliuliza.

"Pasi, afande. Kazi yetu hii."

"Miaka yote hii unapiga pasi, leo ndiyo imekushinda?"

"Bahati mbaya haina mwenyewe."

"Fungua nione."

Alifungua polepole. Kidonda kilikuwa mstari mwembamba uliokata kiganja na vidole vinne, kama mtu aliyeshika ukingo wa kitu cha duara na kukinyanyua. Inspekta alikitazama, kisha akaitazama pasi, bapa na pana. Koplo naye alitazama, akakosa pumzi kwa furaha.

"Siku ile ulisikia nini?" Inspekta aliuliza.

"Mvua. Na redio."

"Kaka yako alikuwa wapi?"

"Ndani, anaumwa mafua. Baridi ilikuwa imemwingia."

"Na wewe hutaki kujua daktari amesema nini?"

Baba Mdogo akaanza kujifunga kitambaa upya. "Sitaki," alisema.

Ilibidi Kitinda awaongoze kwenye vyumba vya nyuma. Alitembea mbele yao bila kuharakisha, akiwaonyesha hiki na kile kwa sauti isiyopanda wala kushuka: masinki ya kufulia, stoo ya sabuni, chumba cha baba na mama, na mwisho wa ua, kikiwa peke yake, chumba cha kukaushia nguo.

"Siku za mvua tunaweka jiko la mkaa katikati, tunatundika nguo juu yake," alisema. "Dirisha linaachwa wazi. Baba hakuruhusu lifungwe jiko likiwa ndani. Alitugombeza tangu tukiwa wadogo."

Koplo alisukuma mlango. Haukwenda. Akaupiga bega, ukafunguka kwa mlio, nusura aangukie ndani.

"Mbao imevimba," Kitinda alisema. "Kila ikinyesha hukwama. Ukiwa ndani ni shida zaidi, kitasa kiling'oka, unauvuta kwa kucha."

Ndani hapakuwa na jiko. Sakafu ya saruji ilikuwa imesuguliwa, safi kuliko vyumba vingine vyote. Katikati palibaki duara hafifu lililokoza, mahali ambapo jiko hukaa. Ukutani, juu kuliko mkono wa mtu, kulikuwa na dirisha dogo la ubao lililofungukia uani.

"Jiko liko wapi?"

"Limeoshwa. Liko stoo."

"Nani aliliosha?"

"Sijui. Niliamka nikalikuta limeoshwa. Hapa hatuoshi jiko, afande. Tunamwaga jivu tu."

Inspekta alipiga magoti, akapitisha kidole chini ya mlango, upande wa ndani. Kisha akatoka uani, akasimama chini ya dirisha. Mjane alikuwa bado anakunja mashuka hatua chache kutoka pale.

"Mvua ilipoanza wewe ulikuwa wapi?" alimuuliza Kitinda.

"Hapa hapa uani. Ilishuka ghafla. Nilianua za kambani, nikafunga madirisha yote ya huku nyuma ili nguo safi zisirushiwe maji. Haya ya juu tunayasukuma kwa mti ule wa kuinulia kamba. Ukisukuma, kulabu inajishika yenyewe."

"Huhitaji kuchungulia ndani."

"Huwezi kuchungulia. Liko juu."

Mikono ya mjane ilisimama. Shuka lililokuwa mapajani lilianza kuteleza, akaliacha lifike chini, kwenye vumbi, yeye aliyekuwa amelikunja kwa uangalifu wote ule. Inspekta aliona. Kitinda hakumgeukia mama yake. Alikuwa anamtazama Inspekta, na aliendelea kumtazama kupita kiasi, kama mtu aliyekabidhi kitu na anangoja kipokewe.

"Asante," Inspekta alisema. "Kwa sasa yatosha."

Garini Koplo hakujizuia. "Kiganja! Alishika jiko la moto. Alimfungia kaka yake mle ndani, akangoja, akatoa jiko, akaliosha, akabeba maiti. Tumkamate, afande."

"Kamlete. Usimfunge pingu. Kisha piga simu nyumba ya wageni, uliza mjane aliondoka pale saa ngapi na mvua ikiwaje."

Baba Mdogo hakupinga alipoingizwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikaa, kiti kikalalamika, akaweka mkono wenye kidonda juu ya meza kama kitu kisicho chake.

"Jiko lilikuwa la moto bado ulipolitoa," Inspekta alisema.

"Ndiyo."

"Kaka yako alikuwa hai?"

"Alikuwa amekwisha, afande. Naapa kwa aliyenizaa. Nilimkuta amekwisha."

"Ulimkuta wewe?"

Baba Mdogo akavuta mkono wake kutoka mezani.

"Ulimbeba peke yako?"

Koplo akainama juu ya meza. "Sema! Unamficha nani?"

"Nimemkosea nani mimi?" Baba Mdogo alisema. "Nimembeba ndugu yangu mgongoni, nikamlaza kwenye kitanda chake. Kama hilo ni kosa nifungeni. Mengine si ya kusema mimi. Kamuulizeni shemeji. Akisema niseme, nitasema."

Koplo alimvuta Inspekta kando ya mlango. Simu ilikuwa imejibiwa: mjane alikaa kwenye baraza ya nyumba ya wageni mvua yote, akanywa chai na mpokeaji wageni, akaondoka kulipokuwa kumekauka. "Kwa hiyo mama hayumo," Koplo alisema, na kwa mara ya kwanza hakuonekana kuwa na uhakika. "Basi ni huyu. Au sivyo?"

"Kamlete mjane."

Mjane alikuja na Kitinda. Inspekta alimwomba binti angoje kwenye benchi la nje, akafunga mlango. Mjane alikaa kwenye kiti kile kile alichokalia shemeji yake, akaweka mikono mapajani.

"Sasa uliza," alisema kabla hajaulizwa. "Nitajibu. Dirisha nililifunga mimi."

"Lini?"

"Mvua ilipoanza."

"Mvua ilipoanza ulikuwa kwenye baraza ya nyumba ya wageni, mama, na kikombe cha chai mkononi."

"Basi kabla sijaondoka."

"Kabla hujaondoka palikuwa na jua. Nani hufunga dirisha la chumba chenye jiko, juani?"

Mjane alitazama meza. Hakulia, hakutetemeka. Sauti yake ilitoka bapa.

"Andika mimi tu. Kwako kuna tofauti gani? Unataka jina, nimekupa jina."

"Siandiki nisichokijua."

"Wanasema mficha uchi hazai," mjane alisema. "Mimi nilishazaa. Ndiyo maana naficha."

Nje, mtu alikuwa anafagia ukumbi. Ufagio ulikwenda na kurudi. Koplo, aliyekuwa anaandika, aliweka kalamu chini bila kuambiwa.

"Nilirudi," mjane alisema, "sikumkuta kitandani. Nikajua. Alikuwa na tabia hiyo akishikwa na baridi, anaingia mle, anawasha jiko mwenyewe, anatandika gunia karibu nalo, anajipasha joto. Nilimkataza. Alinijibu dirisha li wazi. Nikatazama juu, dirisha limefungwa. Nikasukuma mlango. Haukwenda. Nikadhani ni ile mbao. Nikamwita shemeji, tukasukuma wawili. Haikuwa mbao peke yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameuzuia. Alikuwa ametambaa mpaka pale. Vidole vilikuwa vimeingia chini ya mlango."

Inspekta alikumbuka mikwaruzo mipya aliyoigusa kwa kidole. Hakuitaja.

"Na binti?"

"Alikuwa mbele na mteja. Nikamwambia shemeji, mtoto huyu asijue. Ni yeye aliyefunga. Anafunga kila siku, nani mwingine? Tukambeba. Tukamsafisha. Nilisugua sakafu ile mpaka mikono ikafa. Nikamwita mtoto, nikamwambia, baba yako amelala hajaamka." Akainua uso. "Na ni yeye aliyekwenda kwenu. Kati ya watu wote. Mimi namzibia jua, yeye anatoboa paa."

"Ni ajali," Inspekta alisema. "Hakuna atakayefungwa kwa kufunga dirisha. Kuhamisha maiti na kudanganya polisi ni kosa, mtaitwa wewe na shemeji yako, mtajieleza. Lakini lazima iandikwe alifia wapi na kwa nini. Mwanao ataambiwa. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

"Mwite," mjane alisema.

Kitinda aliingia, akakaa kwenye kiti cha pembeni, magoti pamoja. Mama yake alifungua mdomo, akafika kwenye "mwanangu," akaishia hapo.

"Ni chumba cha kukaushia," Kitinda alisema.

Mama yake akainamisha kichwa.

"Ni mimi."

"Umejuaje?" Koplo aliropoka.

"Nilimsikia." Binti alikuwa anautazama ukuta uliokuwa nyuma ya Inspekta. "Niliposukuma dirisha nilisikia mtu akikohoa. Nikadhani ni redio ya Baba Mdogo, au baba yuko chumbani kwake. Mvua ilikuwa kubwa. Nikakimbilia nguo. Jioni mama akaniambia amefia kitandani. Nikashukuru. Nilishukuru, afande, mnielewe. Halafu asubuhi nikakuta jiko limeoshwa."

"Kwa nini hukuniuliza mimi?" mama yake alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipasuka.

"Ungenidanganya."

"Ningekudanganya, ndiyo!"

"Ndiyo maana nilikwenda kwao. Kila mtu pale nyumbani alikuwa ananitazama, halafu hanitazami. Baba Mdogo ananiachia kipande kikubwa cha nyama. Wewe huniiti kufunga madirisha. Nilitaka mtu asiyenipenda aniambie."

Inspekta alisogeza jagi la maji katikati ya meza. Tangu asubuhi alikuwa anatafuta ni nani katika nyumba ile asiyejua. Hakuwapo. Walikuwa watatu, kila mmoja amebeba kile kile, kila mmoja amemficha mwenzake, na kitu pekee kilichofanya kisa kile kiwe fumbo ni kwamba hawakukaa wakazungumza.

"Hukujua yumo, wala kwamba jiko linawaka," alimwambia Kitinda. "Usingeweza kuona. Hilo ndilo nitakaloandika, kwa sababu ndilo lililotokea."

Binti aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia bei ya kitu alichokwisha kununua. Kisha akamgeukia mama yake.

"Aliita?"

Mjane alimtazama Inspekta, mara moja tu. Inspekta aliinamisha macho kwenye karatasi.

"Alikuwa amelala," mjane alisema. "Kwenye gunia lake. Amejikunja kama anavyolala siku zote. Hata hakujua."

"Kweli, afande?"

Koplo alianza kuvuta pumzi ya kusema kitu. Inspekta aliweka kiganja juu ya karatasi zake, akazifunika.

"Mama yako ndiye aliyemkuta," alisema. "Mimi sikuwepo."

Machozi ya Kitinda yakaanza, bila sauti, bila uso kubadilika, yakimtoka kama maji yatokayo kwenye bomba lisilofungwa vizuri. Hakuyafuta. Mama yake alisogeza kiti mpaka miguu ya viti ikagongana, akachukua ncha ya kanga yake mwenyewe, akamfuta, jicho moja, kisha la pili, kisha pua, kama anavyofutwa mtoto mdogo. Walikaa hivyo. Koplo alitoka, akasema anakwenda kumfungulia Baba Mdogo, ingawa hakuwa amefungiwa.

"Mnaweza kuzika kesho," Inspekta alisema.

"Kesho," mjane alirudia.

Waliinuka pamoja. Mlangoni mjane alisita, kama aliyesahau njia ya kutokea, akashika fremu. Kitinda alimpa mkono.

"Twende nyumbani, mama," alisema. "Kuna nguo za watu."

Wakaenda ukumbini, Baba Mdogo akiwafuata nyuma. Mfagizi alisimamisha ufagio wake, akawapisha.